Kituo cha Mpagazi

Wapo wasemao kwamba nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi, waliochukua pembe za ndovu katika karne ya 19 kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, si ushairi, kwa kuwa hazina mizani. Dai hilo lasahau asili ya maneno yenyewe. Mizani hupima mzigo. Mshororo ni safu, kama ya msafara. Na kituo, kifungacho ubeti, ni pahali pa kutua. Bega lililoelemewa na pumzi iliyogawiwa hatua kwa hatua ndiyo arudhi ya nyimbo hizo. Mfuasi wa yoga hutafuta nguvu ya moyo katika mkao uliotulia. Mpagazi aliitafuta mwendoni, akiimba. Wimbo haukupunguza uzito, bali ulimwimarisha mbebaji. Mhakiki asiyepima hatua hajaupima wimbo.