Daftari la Asiye na Mwalimu

Maduka ya vifaa vya shule ya Mbinga mjini, mkoani Ruvuma, huuza kaunta buku za kila unene. Karani wa chama cha msingi huandikia kilo za kahawa, mwenye duka huandikia madeni, mwanafunzi wa sekondari huandikia notisi za baiolojia. Matumizi ya nne ndiyo yanayostahili sifa hapa: daftari la mtu anayejifunza lugha ya mbali bila darasa, bila mwalimu na bila mtihani wa mwisho wa muhula. Mtu huyo akiamua kujifunza Kiholanzi na Kijapani kwa pamoja, ana kazi mbili. Ya kwanza ni kujifunza. Ya pili, ambayo wengi huiona ndogo, ni kujua kama anajifunza kweli.

Darasani kazi hiyo ya pili humwangukia mwingine. Mwalimu husahihisha, huweka alama, na shule zikifungwa ripoti huenda nyumbani. Anayejisomea hana wa kumwambia kwamba amedumaa, wala wa kumwambia kwamba amepiga hatua. Hisia zake humdanganya pande zote mbili: usiku maneno ishirini yakikaa kichwani anajiona ameshafika Amsterdam, asubuhi akiyakuta manne anajiona hana akili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilichunguza jambo hili juu ya nafsi yake mwenyewe. Alikariri orodha kwa orodha za silabi zisizo na maana, akapima zilivyomtoka, na katika kitabu chake cha 1885 alionyesha kwamba kusahau huwa kukali saa za mwanzo, kisha hupungua kasi. Aliyeamka na maneno manne yamemkuta yaleyale yaliyomkuta Ebbinghaus. Anachohitaji ni ukurasa ulioandikwa tarehe, umwonyeshe yale manne yalikuwa yapi na wiki ijayo yamekuwa mangapi.

Mfano bora wa ufundi huu uko pale ambapo lugha hizi mbili zilikutana. Kwa zaidi ya karne mbili, Waholanzi walikuwa Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani, na tangu 1641 walibanwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Vitabu vyao vilipenya kimoja kimoja. Mwaka 1771, mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, tabibu Sugita Genpaku na mwenzake Maeno Ryotaku walikwenda Kozukappara, mahali pa kuulia waliohukumiwa kifo, kutazama maiti ya mmoja wao ikipasuliwa. Kila mmoja alikuja na nakala ya kitabu kilekile: anatomia ya Johann Adam Kulmus iliyotafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1734. Walilinganisha kiungo na mchoro, kiungo na mchoro, na michoro ya Kiholanzi ikawa ndiyo yenye kusema kweli, si vitabu vya tiba walivyosomea tangu ujana. Kesho yake wakaketi nyumbani kwa Maeno kuanza kukitafsiri.

Hapo ndipo mtu anapaswa kusimama na kuwaheshimu. Sugita hakuzijua hata herufi za Kiholanzi. Maeno alikuwa na maneno machache aliyoyapata alipokwenda Nagasaki. Kamusi ya kuwafaa hawakuwa nayo, wala mwalimu, wala mtu wa kumuuliza jirani. Sugita alikuja kusimulia uzeeni, katika kumbukumbu alizoziandika mwaka 1815, kwamba siku nzima ndefu ya masika ingeweza kwisha bila wao kuuelewa mstari mmoja. Walikutana mara sita au saba kwa mwezi. Walipokwama kwenye neno hawakulibahatisha na hawakulifuta. Waliliwekea alama, duara lenye msalaba ndani yake, wakasonga mbele. Alama hiyo waliiita kwa jina la lijamu ya farasi, kwa kuwa ilifanana nayo.

Mwanzoni maduara yale yalitapakaa kila mahali. Baada ya mwaka na ushei, walikuwa wanasoma mistari kumi au zaidi kwa siku pale penye maandishi mepesi. Rasimu ilirudiwa mara kumi na moja. Kitabu, *Kaitai Shinsho*, kilitoka mwaka 1774, na Maeno, aliyekijua Kiholanzi kuliko wote, jina lake halikuwekwa miongoni mwa watafsiri.

Lile duara lenye msalaba ndilo moyo wa ufundi wote. Madaktari wale hawakuhesabu saa walizokaa wala kurasa walizofunua. Walihesabu wasichokijua, wakakiweka wazi kwenye karatasi ambapo mwenzao angeweza kukiona, na maendeleo yao yakawa kitu cha kutazamwa kwa macho: alama zilipungua ukurasa baada ya ukurasa. Kwa mtu aliyeko Mbinga na kitabu kimoja cha Kiholanzi kwenye simu, njia hiyo haijapitwa na chochote. Achukue ukurasa, azungushie kila neno asilolijua, aandike idadi pembeni pamoja na tarehe, kisha baada ya miezi mitatu arudi kwenye ukurasa uleule na kuhesabu upya.

Milima ya Umatengo, ilipo Mbinga, yenyewe imeshaona kazi ya namna hii, tena kwa upande wa pili. Mwaka 1909 padre Johannes Häfliger, mmoja wa wamisionari Wabenediktini, alichapisha Berlin kamusi ya Kimatengo kwa Kijerumani. Miaka ya 1990 walifika Wajapani: kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuchunguza ngolo, kilimo kile cha mashimo kinachowawezesha Wamatengo kulima miteremko mikali bila udongo kwenda na maji. Vijiji kama Kindimba vikaingia katika maandishi ya Kijapani. Na mwanaisimu Nobuko Yoneda akakichukua Kimatengo chenyewe kuwa kazi yake, sarufi na sauti zake. Msamiati alioukusanya ulichapishwa Tokyo mwaka 2006.

Msamiati wa namna hiyo hauzaliwi kwenye kiti cha ofisini. Huzaliwa kwenye daftari la mtu anayeuliza jina la kitu, analiandika jinsi alivyolisikia, analirudia mbele ya mwenye lugha, anacheka naye akikosea, anarekebisha, na kesho yake anauliza tena kuhakikisha. Mzee wa Kimatengo aliyekaa na mgeni wa aina hiyo ameuona ufundi huu kwa karibu kuliko wasomi wengi wa mjini.

Tuufungue sasa ukurasa mmoja. Mstari umepigwa katikati kutoka juu hadi chini, Kiholanzi kushoto, Kijapani kulia, na sentensi ya siku ni moja: kesho ninakwenda Songea. Kushoto inasomeka *Morgen ga ik naar Songea*. Mwenye kuzoea Kiswahili atavutwa kuandika *morgen ik ga*, kwa sababu kwetu neno la wakati likitangulia halibadilishi kitu, ilhali Kiholanzi hukitaka kitenzi kisimame nafasi ya pili hata kama mtendaji itabidi asukumwe nyuma yake. Chini yake anaandika ileile ikiwa na sababu, *omdat ik morgen naar Songea ga*, na kitenzi kimekimbilia mwisho kabisa. Makosa mawili, wino mwekundu, tarehe. Kulia inasomeka *Ashita Songea e ikimasu*, na jina la Songea limeandikwa kwa herufi za katakana, ambazo Wajapani huzitumia kwa majina ya kigeni: ソンゲア. Hapa Mswahili ana raha yake. Irabu za Kijapani ni tano, a, i, u, e, o, karibu sawa na zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kitenzi cha mwisho hakimsumbui tena, kimeshamzoesha Kiholanzi.

Raha hiyo ina mtego. *Obasan* ni shangazi au mama mdogo, *obaasan* ni bibi, na tofauti iko kwenye urefu wa irabu peke yake. Jicho haliwezi kupima hilo. Sikio na simu ndivyo vinavyopima. Mtu anajirekodi akisoma aya moja, anaihifadhi kwa tarehe, na baada ya majuma kadhaa anasoma aya ileile na kuzisikiliza sauti zote mbili kwa kufuatana. Hakuna bando linalohitajika kwa kazi hiyo. Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, nayo ina masomo ya mwanzo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, kwa hiyo sauti ya kujilinganisha nayo ipo. Kwa Kiholanzi hali ni ngumu kidogo: mjisomeaji wa Mbinga atapitia Kiingereza mara nyingi, na hilo nalo liandikwe daftarini, kwani neno ambalo hakulijua kwa Kiingereza si deni la Kiholanzi.

Kisha kuna kanji, na hapa daftari hugeuka kuwa rafiki wa kweli. Serikali ya Japani ina orodha ya kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010. Mtoto wa Kijapani, anayeishi ndani ya lugha hiyo, hufundishwa 1,026 kati ya hizo kwa miaka yote sita ya shule ya msingi. Anayeijua takwimu hiyo hataona haya kwa mwendo wake. Lakini awe mkweli kwenye safu zake: safu ya kanji anazozitambua akizisoma, na safu nyingine ya zile anazoweza kuziandika huku amefunika kitabu. Ya pili huwa fupi daima. Kuichanganya na ya kwanza ni kujinyima habari.

Kwa maneno ya kukariri, Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 sanduku la kadi lenye vyumba: kadi uliyoijibu vizuri husogea chumba cha mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, uliyoikosea hurudi chumba cha kwanza. Sanduku la sabuni lililokatwa vizuri linatosha. Programu ya Anki, iliyoanza mwaka 2006, hufanya kazi ya jamii hiyo kwenye simu na kompyuta. Uzuri wa sanduku ni kwamba linakuonyesha kwa mkupuo mmoja kadi zilizogoma chumba cha kwanza, na hizo ndizo za kushughulikiwa.

Jambo moja linafaa kusemwa wazi. Programu nyingi za simu humsifu mtu kwa siku alizofungua mfululizo, na watu wazima hulinda mfululizo huo kwa wasiwasi mkubwa. Mizani ya kahawa haimuulizi mkulima alipalilia siku ngapi, inasoma kilo. Kuhudhuria kuna faida yake, ila kuhudhuria na kujua ni safu mbili, na daftari zuri haliruhusu moja kuvaa nguo ya nyingine.

Viwango rasmi vipo na vinasaidia. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 ngazi sita, kutoka A1 hadi C2, zilizoelezwa kwa mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya: kujitambulisha, kuuliza njia, kufuata mjadala. Kiholanzi hupimwa kwa ngazi hizo. Kijapani kina mtihani wake, JLPT, ulioanza 1984 na tangu 2010 una ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Mtihani huo hupima kusoma, kusikiliza, msamiati na sarufi kwa maswali ya kuchagua jibu. Hauulizi kuongea, wala hauulizi insha. Anayeujua udhaifu huo hutenga kurasa kwa yale ambayo mtihani hauyagusi: sentensi tatu za jioni alizozitunga mwenyewe, na zile rekodi za sauti.

Faida ya kazi hii wakati mwingine hutokea upande ambao mtu hakuutazamia. Msomi wa Kijapani Fukuzawa Yukichi alisoma Kiholanzi Osaka kwenye shule ya Ogata Koan, ambako wanafunzi walipokezana kamusi adimu usiku kucha, na ufasiri wa kila mmoja ulihukumiwa na kuandikwa kwa alama. Aliyeongoza miezi mitatu mfululizo alipandishwa darasa. Mwaka 1859 alishuka Yokohama, bandari iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa kwa wageni, akakuta mabango na mazungumzo ya Kiingereza ambayo hakuweza kuyasoma wala kuyajibu. Alirudi amevunjika moyo, na siku iliyofuata akaanza Kiingereza. Hakuanzia chini kabisa. Alishajua jinsi ya kuishi na ukurasa asiouelewa, na sarufi ya Kiholanzi ilimfungulia njia kubwa kuliko alivyotarajia.

Ndivyo inavyoweza kuwa hata Ruvuma. Ukiteremka kwa lami kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, umeshatoka kwenye Kimatengo na kuingia kwa wenye Kinyasa, Kimpoto na Kimanda, lugha ambazo baadhi yake zina maandishi machache mno yaliyochapwa. Mmisionari William Percival Johnson wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefariki Liuli mwaka 1928, alitumia miaka mingi ya maisha yake kusikiliza na kuandika lugha za Ziwa Nyasa, huku macho yakimsumbua. Mtu aliyejaza kaunta buku mbili za Kiholanzi na Kijapani anazo tayari zana za kazi hiyo: anajua kutenganisha neno alilolisikia na neno analoweza kulitumia, anajua kuweka tarehe, kurekodi, kurudia na kuacha alama ya wazi pale asipoelewa. Anaweza kuanza na majina ya nyavu, upepo na samaki, dagaa na mbasa, kwa wavuvi wa Lituhi. Anaweza kupanda Kindimba na kuandika jina la kila hatua ya ngolo, tangu kulaza majani kwa mistari inayokatana hadi kuyafukia kwa udongo wa katikati. Kwa Kimatengo atakuwa na orodha ya 1909 na ile ya 2006 za kulinganisha. Kwa Kimpoto wa kumsahihisha ni wenye lugha wenyewe, na wapo.