Tuta la Mtu Asiyecheza

Nilisikia mkwaju, nikasikia makofi, sikuona kitu. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya gofu kwenye uwanja mmoja jijini Nairobi, miaka mingi sasa, nami nimesimama safu ya nne nyuma ya kamba. Ardhi ilikuwa tambarare kama kiganja, na mbele yangu palikuwa na mabega ya mzee mrefu mwenye kofia ya ukili. Shimo lilikuwa hatua arobaini tu kutoka pale. Kila makofi yalipolia tulimwuliza aliye mbele yetu, naye akamwuliza aliye mbele yake, na habari ikarudi nyuma mdomo kwa mdomo: umeingia, la, umegusa ukingo ukatoka. Jioni nikaenda nyumbani nikiwa nimeisikiliza gofu kutwa nzima. Tangu siku ile naipenda kazi moja isiyotajwa sana: ya msanifu anayejiuliza, nyasi hazijapandwa bado, mtu asiyeshika fimbo atasimama wapi.

Si kazi nyepesi. Kandanda hukaa mahali pamoja. Jenga majukwaa kuizunguka, umemaliza. Gofu hutembea. Mashimo 18 yametawanyika shamba zima, wachezaji kadhaa wako uwanjani kwa saa ile ile, na mpira wenyewe ni mdogo kama ndimu changa. Zamani watazamaji waliandamana na wachezaji majanini na kuwazingira kila walipopiga. Katika mashindano ya US Open ya mwaka 1954, kwenye klabu ya Baltusrol huko New Jersey, mashimo yote yalizungushiwa kamba. Mchezaji akapata nafasi ya kupumua, mtazamaji akabaki pembeni. Wapo waliokuja viwanjani na vibomba vya karatasi ngumu vyenye vioo ndani, wapate kuchungulia juu ya vichwa vya wenzao. Mtu anayefika hapo ana hamu ya kweli ya kuona, na anastahili kufikiriwa.

Waashi wa pwani yetu walimfikiria mtu wa namna hii tangu zamani. Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe haiishii kwenye kuta za wenyewe. Nje kuna baraza ya mawe, imeshikana na ukuta, kwa ajili ya mgeni atakayekaa bila kuvuka kizingiti. Baraza si kiti kilichotolewa nje wageni walipokwisha kubisha hodi. Ilikuwamo kichwani mwa mwashi alipokuwa akipima nyumba.

Deane Beman alitaka uwanja wenye baraza. Alikuwa mchezaji kabla ya kuwa kamishna wa PGA Tour, chama kinachoendesha mashindano ya gofu ya kulipwa Marekani, mwaka 1974, kwa hiyo aliijua gofu kutoka ndani ya kamba, lakini akawajali waliokuwa nje. Huko Ponte Vedra Beach, Florida, Tour ilipata ekari 415 za msitu wa kinamasi kwa dola moja. Kazi akampa Pete Dye, mtu aliyeuza bima kabla ya kuwa msanifu, na ambaye alizoea kuchora kwa tingatinga kuliko kwa kalamu. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1980, ukaitwa TPC Sawgrass.

Kwenye kinamasi hupati njia kavu ya kuchezea mpaka uchimbe mitaro na mabwawa, kisha uinue ardhi kwa kile ulichochimba. Udongo ukitoka lazima uende mahali. Mwingine angeusawazisha tu, au angeurundika pembeni kama kifusi. Dye aliupandisha kandokando ya mashimo ukawa vilima vya watu kukalia, mahali ambapo awali hapakuwa hata na kichuguu. Hapo tuta na bwawa vikawa ndugu wa tumbo moja: maji yanayomtia mchezaji hofu na kilima kinachompa mtazamaji macho vimetoka katika mchimbo mmoja. Sijaona heshima kwa mgeni iliyofanywa kwa akili kuliko hii.

Na tuta lenyewe lina ujuzi wake, kama ajuavyo mkulima wa viazi. Likiwa kali mno, mama aliyebeba mtoto atateleza. Likilala mno, wa nyuma ataona visogo kama nilivyoviona mimi. Uso wake uelekee grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, na njia ya wapitao iwe mgongoni, anayekwenda kutafuta maji asimkate macho aliyetulia. Tena grini ya shimo moja ikaribiane na mahali pa kuanzia shimo linalofuata, ili aliyekaa auone mwisho na mwanzo bila kuinuka. Sawgrass, aliyekaa kati ya shimo la 16 na la 17 hugeuza shingo tu: huku mtu anamalizia kando ya maji, huku mwingine anajiandaa kuyavusha mpira.

Hilo la 17 ndilo linalojulikana kuliko yote, nalo halikupangwa liwe vile. Mchanga mzuri wa kufunika njia za uwanja ulipatikana sehemu ile, basi wakauchota, wakauchota tena, hadi pakabaki korongo kubwa mahali ambapo grini ilitakiwa kukaa. Alice Dye, mke wa Pete na mchezaji hodari, ndiye aliyetoa wazo la kuizungushia grini maji pande zote. Mkwaju wa yadi 137 tu, kisiwa kidogo, na watu wamejaa kwenye miteremko wakishusha pumzi pamoja. Baadaye Alice akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wasanifu wa viwanja vya gofu cha Marekani. Kwangu mimi shimo lile peke yake lingetosha kumpa kiti.

Jack Nicklaus, bingwa wa gofu aliyegeuka msanifu, alishika njia nyingine Glen Abbey, huko Oakville, Kanada, uwanja uliofunguliwa mwaka 1976. Aliiweka nyumba ya klabu katikati na mashimo yakatoka kwayo kama miti ya gurudumu, mtazamaji asimalize siku akitembea. Nako kwenye uwanja wa Augusta, Marekani, nyuma ya mahali pa kuanzia shimo la 12, watu hukaa mteremkoni wakaiona grini ya 11, shimo la 12 lote na mwanzo wa la 13. Ng'ambo ya kijito kilicho mbele ya grini ya 12 hawavuki. Mchezaji hupita darajani na mbeba mfuko wake tu, na upweke wake unaonekana na kila mtu. Majukwaa ya vyuma yanayozingira shimo la 16 kwenye uwanja wa Scottsdale, Marekani, yana kelele na raha yake, nami sitawanyima watu raha hiyo, lakini moyo wangu uko kwenye udongo. Chuma hufunguliwa na kubebwa. Kilima hubaki, kikapandwa nyasi, kikawa sehemu ya mahali.

Mashindano ya kwanza ya The Players, ya PGA Tour yenyewe, kuchezwa TPC Sawgrass yalikuwa mwaka 1982. Wachezaji walilalamika kwamba grini ni katili, na Dye alikuja kuzilainisha. Lakini Jumapili ya mwisho ya mashindano yale mshindi, Jerry Pate, hakungoja marekebisho. Alimsukuma Beman ndani ya bwawa la shimo la 18, akamsukuma na Dye, kisha akaruka kichwakichwa akawafuata. Msanifu akaibuka maji yakimchuruzika, ndani ya bwawa alilolichimba mwenyewe, na juu ya matuta yake watu walikuwa wamesimama, hadi safu ya nyuma kabisa, wakimwona vizuri.