Gari la Mwisho Kushuka Kivukoni

Jioni ya tarehe 14 Desemba 1999, kivuko kilichotoka Victoria, Kanada, kiliwasili Port Angeles, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Washington, Marekani. Dereva mmoja alingoja magari yote yashuke, ndipo naye akashuka. Alidhani wa mwisho hukaguliwa juujuu. Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Dereva huyo alikuwa Ahmed Ressam, Mwaljeria aliyepitia mafunzo katika kambi za al-Qaida nchini Afghanistan. Chini ya buti, pale panapowekwa tairi la akiba, alikuwa ameficha mifuko ya urea, chupa za kimiminika cha kulipulia na saa za kuwashia bomu. Shabaha yake ilikuwa kiwanja cha ndege cha Los Angeles. Tukumbuke kwamba mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam ya tarehe 7 Agosti 1998 yalikuwa hayajatimiza hata mwaka mmoja na nusu.

Alikwisha kupita kichujio cha kwanza. Kule Victoria, maafisa wa uhamiaji wa Marekani, ambao huwakagua abiria kabla hawajapanda kivuko, waliitafuta pasipoti yake kwenye kompyuta. Pasipoti ilikuwa ya kweli, imetolewa na serikali ya Kanada, ila kwa jina la Benni Noris, na aliipata kwa cheti cha ubatizo cha kughushi. Ressam alikuwa anatafutwa na polisi wa Kanada. Noris hakuwa na doa. Kompyuta iliulizwa habari za Noris, ikajibu habari za Noris.

Ukaguzi unaotegemea orodha ya majina una udhaifu huo tangu mwanzo: jina ni kitu ambacho mhalifu anaweza kujichagulia. Safari ni ngumu zaidi kuighushi. Lazima iwe na chanzo, sababu, mwenyeji na njia, na vyote hivyo vikubaliane.

Port Angeles, afisa wa forodha Diana Dean alimuuliza maswali ya kila siku. Unakwenda wapi? Seattle. Kufanya nini? Kumwona nani? Majibu yakaanza kuyumba. Mtu anayetoka bara la Kanada kwenda Seattle ana barabara kuu inayovuka mpaka moja kwa moja. Huyu alikuwa amezunguka kwa kupitia kisiwa ulipo mji wa Victoria na kuvuka bahari. Isitoshe, alihangaika, mikono ikipekuapekua ndani ya gari. Dean akampa fomu ya forodha ajaze, kisha akamwelekeza kwenye ukaguzi wa pili. Alipoombwa kitambulisho kingine, alitoa kadi ya uanachama wa duka la Costco. Walipoanza kumpekua mwilini akatimua mbio, akakamatwa mitaa michache kutoka pale. Maafisa waliofungua buti walidhani kwanza kwamba ule unga ni dawa za kulevya.

Kosa hilo la kudhani dawa za kulevya lina maana kubwa. Dean hakuwa akitafuta bomu, wala hakuhitaji kujua anatafuta nini. Alitambua tu kwamba maelezo ya safari hayashikani, na alikuwa na mamlaka ya kusimamisha gari kwa sababu hiyo peke yake. Alikuwa pia na muda. Ressam alipongoja awe wa mwisho, alimwondolea afisa shinikizo la foleni iliyo nyuma. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi ya kwanza ya mfumo wowote wa kupima vihatarishi mpakani: kuwapitisha haraka wengi wasio na shaka, ili afisa apate dakika tano za kumhoji mmoja kwa utulivu.

Lakini kumtambua mtu hakutoshi. Tarehe 11 Septemba 2001, mfumo wa kompyuta wa kuwachuja abiria wa ndege nchini Marekani uliwawekea alama zaidi ya nusu ya watekaji 19. Alama zilikuwa sahihi. Hatua iliyofuata ndiyo iliyopwaya. Mizigo yao ilizuiwa isipakiwe mpaka wenyewe wahakikishwe wamepanda, kwa kuwa waliobuni utaratibu walimfikiria mtu anayepeleka bomu ndani ya begi huku yeye akibaki chini. Hao walikusudia kupanda. Hakuna aliyelazimika kuwahoji.

Mwaka uliofuata, Samidh Chakrabarti na Aaron Strauss wa chuo cha MIT walionyesha shimo jingine. Kundi la wahalifu linaweza kuwatuma watu wake wasafiri mikono mitupu, mara kadhaa, na kuangalia nani anasimamishwa na nani anapita. Siku ya shambulio hutumwa wale wanaopita. Kadiri mfumo unavyotabirika ndivyo unavyosomeka. Dawa yake ni kuchanganya alama za kompyuta na ukaguzi wa bahati nasibu, ambao hakuna anayeweza kuujaribia kwanza.

Somo hili linatuhusu. Namanga, kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, lori husimama upande wa nchi linakoingia, na maafisa wa Kenya na Tanzania hufanya kazi jirani. Nyaraka za mzigo hutangulia, kisha mfumo wa forodha huupa mzigo rangi: wa kijani hupita, wa njano hukaguliwa karatasi, wa nyekundu hufunguliwa. Utaratibu ni mzuri, na ninautetea. Ila msafirishaji wa magendo naye anaweza kupeleka shehena safi mpaka ajenge jina la kupewa kijani. Kwa hiyo sehemu ya mizigo ya kijani lazima ifunguliwe bila sababu yoyote, na wafanyabiashara waambiwe hivyo waziwazi.

Na matokeo yaandikwe, hasa pale ambapo hakikupatikana kitu. Afisa aliyefungua lori la nyekundu akakuta kila kitu sawa ana taarifa yenye thamani sawa na ya mwenzake aliyekamata magendo. Ikiingizwa kwenye mfumo, kigezo kilicholisimamisha lori lile hupunguzwa uzito, na safari ijayo mwenye mzigo hatalala mpakani bila sababu.