Kitendawili Mbele ya Mashine Inayojifunza: Uhakiki wa Kigezo cha Jibu Sahihi

Katika mijadala kuhusu mashine zinazojifunza zenyewe kufumbua mafumbo, kigezo kinachotawala ni jibu sahihi. Sehemu hii inakihakiki kigezo hicho kwa kutumia kitendawili cha Kiswahili, na inadai kuwa hakitoshi.

Mashine ya awali ya aina hiyo iliundwa na Donald Michie, nchini Uingereza, mwaka 1961. Alitumia visanduku vya viberiti 304 na shanga za rangi. Kila kisanduku kiliwakilisha hali moja ya mchezo wa kupanga alama tatu mstarini, na kila rangi iliwakilisha hatua moja. Mashine iliposhinda iliongezewa shanga, iliposhindwa ilinyang'anywa. Ilijifunza, basi, kutokana na mchezo ambao matokeo yake hayana ubishi.

Kitendawili hakiko hivyo. Tuchukue "Nyumba yangu ina nguzo moja". Jibu lililozoeleka ni uyoga. Kwa mkazi wa Dodoma aijuaye tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo nyingi, nyumba ya nguzo moja ni kioja, na kioja hicho ndicho kinachomsukuma kutafuta jibu. Mtoto akijibu "mwavuli", kimantiki hajakosea. Mtegaji anaweza kumkatalia, na hadhira ikamtetea. Mashine iliyolishwa vitabu vya shule itasema "uyoga" papo hapo. Lakini je, imefumbua au imekumbuka? Jibu lenyewe halituambii. (Wanafunzi wetu nao hukariri, tena sana.)

Mulokozi (1989) anazibainisha tanzu za fasihi simulizi kwa kuzingatia pia muktadha na namna ya uwasilishaji. Kwa mtazamo huo, kauli "nipe mji" si pambo. Anayeshindwa hutoa mji, na mtegaji "huenda" huko kabla ya kufichua jibu. Kutoa mji na kunyang'anywa shanga ni gharama za kushindwa. Ila shanga hurekebisha hatua ijayo ya mashine tu, ilhali mji hutolewa mbele ya watu wenye haki ya kubishia jibu lenyewe.

Kwa hiyo, inapendekezwa mashine ipimwe kwa vitendawili vipya, ambavyo havijachapishwa popote, na kila jibu liambatane na sababu ambayo hadhira inaweza kuikubali au kuikataa. Itakayojibu "mwavuli" na kulitetea jibu lake ipewe alama zaidi ya ile itakayosema "uyoga" ikanyamaza.