Pampu Iliyoacha Kudunda

Mtu aliyewekewa pampu ya moyo ya siku hizi, ukimshika kifundo cha mkono huenda usisikie mapigo hata kidogo, na yeye anakusimulia habari za jana. Hata kipimo cha kawaida cha presha mara nyingi hushindwa kumsoma.

Zamani mafundi waling'ang'ania kuuiga moyo: kifuko kijae damu, kifinywe, vali zifunguke na kufunga. Moyo wa bandia wa Jarvik-7, aliowekewa Barney Clark huko Utah Desemba 1982, ulidunda kwa hewa iliyosukumwa kutoka kwenye mtambo uliokuwa pembeni mwa kitanda. Aliishi siku 112. Baadaye zikaja pampu za kuusaidia moyo bila kuung'oa, nazo mwanzoni zilikuwa za kifuko. Utafiti wa REMATCH wa mwaka 2001, kwa wagonjwa 129 wasiofaa kupandikizwa moyo, ulionyesha kwamba baada ya mwaka 52% ya wenye pampu ya HeartMate walikuwa hai, dhidi ya 25% ya waliotumia dawa tu. Mwaka wa pili wenye pampu wakashuka hadi 23%. Sababu mojawapo ni uchakavu. Moyo hudunda kama mara laki moja kwa siku, na kifuko cha kiwandani hakihimili kukunjwa hivyo kwa miaka.

HeartMate II ikaachana na kifuko na vali. Rafadha ndogo inazunguka bila kupumzika, inachota damu kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto na kuirusha kwenye aota. Ilipolinganishwa na ile yenye kifuko, baada ya miaka miwili 58% walikuwa hai dhidi ya 24%. Mwili, kumbe, unataka damu ifike. Mapigo unaweza kuyasamehe.

Ikabaki kasoro ya beringi. Zilikaa ndani ya damu yenyewe, zikisuguana, na damu ikaganda hapo. Katika HeartMate 3, rota, yaani sehemu inayozunguka, inaelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa chochote, na damu inapita kwenye nafasi pana zaidi. Kisha kuna ujanja ninaouhusudu kuliko sumaku yenyewe: kila baada ya sekunde mbili hivi pampu hubadilisha kasi ghafla ili damu isituame. Mdundo umerudishwa, ila safari hii kazi yake ni kusafisha. Ripoti ya mwisho ya utafiti wa MOMENTUM 3, uliokuwa na wagonjwa 1,028, ilikuta tatizo la damu kuganda ndani ya pampu kwa 1.4% tu, kwa HeartMate II lilikuwa 13.9%.

Kinachosumbua bado ni waya. Unatoboa ngozi ya tumbo kwenda kwenye betri, na tundu hilo ni mlango wa vijidudu. Mgonjwa pia hana budi kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, na hizo huleta hatari ya kuvuja damu. Kwa anayefaa kupandikizwa na akabahatika kupata moyo wa mtu, mimi nasema bado achukue moyo.