Pombe Nyekundu ya Mtama

Ujimbi, pombe ya nafaka ya Wagogo, hupikwa Bahi kwa uwele au kwa mtama, na ule wa mtama mwekundu ndio unaodai ufundi kuliko mwingine wote. Bahi ni nchi kame iliyo magharibi ya jiji la Dodoma. Mvua yake ni ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mahindi huko ni ya kubahatisha, ilhali mtama huvumilia. Ule mwekundu una kinga ya ziada: tanini zilizo katika ganda lake huwachukiza kwelea kwelea, ndege wanaoshuka kwa makundi na kumaliza shamba la mtama mweupe kwa siku chache. Mkulima aliyeuchagua kwa sababu ya ndege amemwachia mpishi kazi ya kuupatanisha ukakasi wa tanini hizo na ulimi wa mnywaji.

Ireland nayo ina pombe yake nyekundu, lakini rangi yake hutoka kwenye moto. Shayiri kidogo hukaangwa mpaka ikakaribia weusi, kisha ikachanganywa na kimea cha kawaida; ikizidi, pombe huanza kuwa na ladha ya kahawa. Huko rangi huongezwa. Bahi wekundu umo ndani ya punje tangu shambani, na njia ya kuutawala ni kuchanganya nafaka. Tanini hudhoofisha nguvu ya kimea, hivyo ni busara kuotesha uwele au mtama mweupe, kama mbegu ya Macia iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999, na kuuacha mwekundu uingie kama unga. Kusini magharibi mwa Uganda wapishi hupita njia nyingine: huloweka mtama wenye tanini katika maji ya majivu ya kuni kabla ya kuuotesha. Ni ugunduzi mkubwa, na ulifanyika muda mrefu kabla ya maabara kueleza kwa nini unafaa.

Kazi nzito iko kwenye kimea. Punje hulowekwa siku nzima hivi, hutandazwa mahali penye unyevu, hufunikwa na kunyunyiziwa maji. Mtama huota vizuri kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30, joto ambalo Bahi hulipata bure. Shayiri ya Ulaya huhitaji ubaridi. Kwa siku tatu hadi tano punje hutengeneza vimeng'enya vitakavyogeuza wanga kuwa sukari. Kuotesha kukikatizwa mapema, vimeng'enya huwa haba. Kukirefushwa, chipukizi hula akiba iliyokusudiwa pombe. Mpishi hodari huamua kwa kutazama urefu wa chipukizi na kwa kutafuna punje asikie utamu, na uamuzi huo ndio unaotenganisha mikono miwili inayotumia nafaka ileile.

Hapo pia ndipo hatari zilipo. Chipukizi na mizizi ya mtama ina kemikali inayozaa sayanidi, kwa hiyo kimea kikishakauka juani husuguliwa na kupepetwa ili viondoke kabla ya kusaga. Hatari ya pili ni ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara, na kimea, kinachokaa kwenye unyevu na joto kwa siku kadhaa, ni makao mazuri ya kuvu. Kilichoota ukungu hutupwa. Kuchemsha hakukiokoi, maana sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni.

Maji yanastahili uangalifu zaidi kuliko yanavyopewa. Mto Bubu huishia katika bonde la Bahi lisilo na njia ya kutokea baharini. Maji hukauka, chumvi hubaki, na maji ya visima vya jirani huwa na ladha hiyo. Maji yenye magadi huchelewesha kazi ya vimeng'enya na huchelewesha uchachu. Dublin, huko Ireland, nako maji yana kaboneti nyingi, na asidi ya nafaka iliyokaangwa ndiyo inayoyasawazisha. Katika pombe ya mtama kazi hiyo hufanywa na uji ulioachwa uchachuke.

Uji huo hupikwa kwanza, na kuna sababu. Wanga wa mtama hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, joto ambalo tayari linaanza kuua vimeng'enya. Kwa hiyo unga huiva kwa moto mkali, kisha uji hupoa, ndipo kimea hutiwa. Kikitiwa uji ukingali unachemka, pombe haitakuwa na nguvu. Kikitiwa umeshapoa kabisa, bakteria wa uchachu hutangulia na ukali huzidi utamu. Kati ya mipaka hiyo mpishi hupima kwa mkono tu, na hupata. Chachu huja na machicha ya pombe iliyotangulia au hukaa katika chombo chenyewe, na kesho yake povu huanza kupanda.

Pombe iliyochujwa ina kilevi kidogo, kwa kawaida asilimia 2 hadi 4, na huendelea kuumuka hata ikiwa kibuyuni. Baada ya siku mbili tatu hugeuka siki. Uhai huo mfupi ni faida kwa anayetaka kuiboresha, kwani hukumu ya kilabuni hutoka upesi na pipa jingine huanza mara moja. Mpishi makini hubadili jambo moja tu kila awamu, ama kimea kidogo zaidi kwa debe la unga, ama siku moja zaidi ya kuotesha, ili ajue ladha mpya imetoka wapi. Mavuno ya mwaka hayafanani na ya mwaka uliopita: punje zilizokomaa kwa mvua haba huota kwa namna yake. Kwa hiyo baada ya mavuno kipimo cha kimea hujaribiwa upya katika chungu kidogo, kabla nafaka ya pipa zima haijalowekwa.