Namba 0.5 Iliyowaficha Bakteria wa Walkerton

Mei 2000, watu wapatao 2,300 waliugua Walkerton, mji mdogo wa jimbo la Ontario, Kanada, wenye wakazi wasiofika 5,000. Saba walifariki. Tume ya Jaji Dennis O'Connor, iliyotoa ripoti yake Januari 2002, ilieleza tukio hilo karibu saa kwa saa. Kila mtu wa afya ya jamii anapaswa kuisoma, kwa sababu inaonyesha jinsi wachunguzi walivyofika kwenye chanzo huku wakipewa majibu ya uongo.

Tarehe 18 Mei watoto wawili walilazwa hospitalini katika mji wa Owen Sound. Daktari wao, Kristen Hallett, alishuku bakteria E. coli O157:H7, na kesho yake akaiarifu idara ya afya ya eneo hilo. Bakteria huyu huishi matumboni mwa ng'ombe, na mara nyingi huwafikia watu kupitia nyama ya kusaga isiyoiva, kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa chakula. Lakini wagonjwa walitoka shuleni, majumbani na kwenye makao ya wazee, na hapakuwa na mlo uliowakutanisha wote.

Idara ikauliza shirika la maji la mji, tarehe 19 na tena 20. Ikaambiwa maji ni salama. Ukweli ni kwamba tangu tarehe 17 shirika lilikuwa na majibu ya maabara yaliyoonyesha uchafuzi. Maabara hiyo ilikuwa ya binafsi; haikuwapa watu wa afya nakala, wala sheria haikuilazimisha. O'Connor alikadiria kwamba tangazo la kuchemsha maji lingetolewa tarehe 19, watu 300 hadi 400 wasingeugua.

Tarehe 21 mganga mkuu wa eneo, Murray McQuigge, aliacha kusubiri uthibitisho. Akatangaza maji yachemshwe, na idara ikachota sampuli zake yenyewe. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote: ushahidi wa wagonjwa ulipewa uzito kuliko neno la ofisi. Majibu ya tarehe 23 yalithibitisha kuwa mabomba yamechafuka.

Wakati huohuo wachunguzi walichora mambo mawili. La kwanza ni ramani ya makazi ya wagonjwa, na wengi mno walikuwa wanatumia maji ya mji. La pili ni grafu ya wagonjwa kwa tarehe ya dalili kuanza. Ugonjwa unaopita mtu kwa mtu hupanda taratibu na kujirudia kwa mawimbi. Hapa idadi ilipaa ghafla, ishara ya watu wengi kuambukizwa kwa pamoja. E. coli huyu huchukua siku tatu au nne hivi kabla ya kuhara kuanza. Ukihesabu kurudi nyuma, unatua karibu na tarehe 12 Mei.

Na kati ya tarehe 8 na 12 mvua ilinyesha takriban milimita 134. Kisima namba 5 cha mji kilikuwa kifupi, mita 15 tu, kikivuta maji kwenye mwamba wenye nyufa chini ya tabaka jembamba la udongo. Jirani palikuwa na shamba lililomwagwa samadi. Bakteria wa ng'ombe wa pale walilingana kijenetiki na waliopatikana kwa wagonjwa. Mwenye shamba alikuwa amefuata taratibu zote, na tume haikumlaumu.

Klorini ingewaua bakteria hao. Kanuni ilidai ibaki miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 15. Maji yakiingiwa na uchafu mwingi, klorini huliwa na uchafu huo, na kipimo kikishuka ndiyo taarifa ya kwanza kwamba kisima kimevamiwa, siku kadhaa kabla ya maabara kusema lolote. Kipimo chenyewe ni rahisi: unatia dawa kwenye maji na kusoma rangi ya waridi. Walkerton wahudumu walitia klorini pungufu kwa miaka, hawakupima kila siku, na daftarini waliandika tarakimu za kubuni, 0.5 au 0.75.

Tangu 1994 sera ya jimbo ilitaka visima vinavyoingiliwa na maji ya juu ya ardhi viwekewe kifaa cha kupima klorini muda wote; kifaa cha namna hiyo huweza kupiga kengele na kuzima pampu. Kisima namba 5 kilichimbwa 1978, na hakuna aliyerudi kukikagua upya kwa sera hiyo. Kwa maoni ya tume, kifaa hicho kingeuzuia mlipuko usitokee.